Mashine ya Pili na Pasi ya Mama

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Imefika! Mashine ya pili! Lori la Halmashauri ya Jiji limeingia kituoni na vumbi lake lote, na mimi ndiye niliyefungua geti. Mzee Mbwana, mkuu wangu, ameizunguka akiigusagusa kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema Jumatano tunaiwasha, na mkono utakaobonyeza ni wangu. Wangu! Opareta Yudith!

Mashine tuliyonayo inatupa umeme jioni tu, mchana inapumzika. Hii itafanya kazi mchana — chumba baridi cha zabibu kitafunguliwa, na mama ataacha kuuza zabibu zake kwa bei ya kutupa, kwa hofu ya kuozewa. Usingizi utatoka wapi leo?

Jumatano, 14 Agosti

Aibu. Nimebonyeza, ikanguruma vizuri, nikapeleka umeme kijijini — pu! Ikazimika.

Kumbe kijiji kizima kiliacha swichi zimewashwa! Kila nyumba ilitaka iwe ya kwanza kuona umeme wa mchana. Redio, majiko, pasi, vyote vimechomekwa tangu asubuhi vikisubiri. Jioni watu huwasha mmoja mmoja wanaporudi shamba. Leo mashine imetwishwa mzigo wote kwa mpigo. Na laini yetu ni moja tu, siwezi kuigawa. Furaha yetu imetuponza.

Injinia Anitha wa Jiji, aliyekuja kuikagua, hakucheka. Anarudi Jumamosi. Ikizimika tena, inapakiwa kwenye lori, inapelekwa kata nyingine. Nimelia chooni.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimepata! Harusini kwa kina Matonya. Bibi harusi alipotoka tu, nyumba ya kwanza ikapiga vigelegele, jirani akapokea, na jirani yake naye, hadi vikafika kwetu. Basi na umeme uende hivyohivyo! Swichi zote zizimwe. Nyumba ya kwanza iwashe, ipige kigelegele. Jirani akisikia ndipo awashe. Mtaa wa Shuleni waanze, wafuate wa Zahanati, kwetu Mnadani tumalizie.

Mzee Mbwana kacheka mpaka kakohoa. Haba na haba, akasema, jaribu.

Nimepita nyumba zote, miguu inawaka moto. Mwisho kwa mama. Nikamwambia, pasi usiiguse kabla ya zamu yako. Akaniuliza kama yeye ni mtoto. Mezani kulikuwa na kitenge kipya, cha kuja kunitazama nikiwa kazini.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika hapahapa kituoni, la sivyo nitapasuka. Inanguruma! Injinia habandui macho kwenye geji ya mzigo.

Shuleni — vigelegele! Nyumba moja, nyingine, nyingine. Mshale unapanda polepole. Umetulia. Injinia kaguna.

Zahanati! Umetulia tena! Mzee Mbwana kanifinya bega.

Mnadani kimya. Hawajasikia? Upepo unavuma kuja huku kituoni, sauti haiwafikii. Jamani, pokeeni!

Mshale umenyanyuka. Bila kigelegele. Injinia anauliza ni nini hicho. Najua ni nini. Ni kitenge kipya! Mama, mama, mama!

Mashine imeshusha sauti — imepanda tena. Inabeba!

Sasa Mnadani wameanza. Lakini si mmoja mmoja. Wote kwa pamoja, mtaa mzima, na sauti ya mama iko mbele yao. Mshale unapanda. Injinia kasimama. Shikilia, mashine yangu, shikilia...