Juu ya Différentiel ya Mbele

Baba Myriam,

Sombe ya majani ya muhogo iko mu nyungu. Unga ya bukari iko pale, utasonga mwenyewe. Bisi ya Sakania haingoje muntu. Nitarudia kisha mwezi moja.

Asubui nilikasirika juu uliniambia: «Weye unajua nini ya différentiel?» Miaka munane niko nakushikia tournevis, weye unafungua na kufunga tugari twako twa michezo! Ile ya mbele yenye kufungwa, yenye kuzungusha mipira yote mbili sawasawa, itavuta muzuri pa kuanza mbio, lakini mu virage, pa kukata kona, kagari kako ka télécommande kataenda moja kwa moja mu ukuta. Ku course ya mashindano ya siku ya Mungu, tia ile ya mafuta mazito, yenye kuacha kila mupira uzunguke yake.

~~Fanya yako.~~ Hapana, unisikilize.

Sitakuwa pale kukuangalia. Njo ile inaniuma, hapana maneno yako. Ulitoka bila kuniaga, nikavaa chemise yako ya kazi. Niko naenda nayo. Usiitafute.

Mama Myriam