Ubao Kwenye Kona ya Ploti

Kitengela,
6 Machi 2004

Binti yangu Nduta,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi niko mzima, ila goti linanisumbua kukiwa na baridi. Huko Birmingham unapata hata nafasi ya kulala, ama ni kazi ya hospitali tu?

Hapa mambo yamebadilika. Unakumbuka kila ploti ilikuwa nyumba moja, na lazima uache futi ishirini kutoka barabarani. Sasa sheria mpya inaruhusu ghorofa nne, ukuta hadi mpakani. Mkabala nami wameshamaliza moja: jiko la huyu linatazama choo cha yule, na nguo zinaanikwa madirishani kwa kukosa uwanja.

Jumatatu wanaume wawili walipima kwangu na kwa jirani yangu Khalif, kisha wakasimika ubao kwenye kona yetu. Umeandikwa Kizungu, na Kizungu unajua kilivyonipita. Naona Khalif anataka kuninyima jua. Miaka tisa tunaombana chumvi, kumbe! Nifanye nini?

Wako,
Mama

Birmingham,
19 Machi 2004

Mama mpenzi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia sijambo, namshukuru Mungu.

Kuhusu Khalif, kuwa macho. Usimwulize kitu, na usikubali akusomee huo ubao, maana atakusomea anachotaka yeye. Ploti uliiandikisha kwa jina langu ili kaka zangu wasiiuze, kwa hivyo iko salama. Mengine niachie mimi.

Bintiyo,
Nduta

Kitengela,
2 Aprili 2004

Nduta mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Goti limepoa kidogo.

Nimefanya ulivyosema. Ardo, mke wa Khalif, akileta maziwa asubuhi namwambia nimeshanunua, na lango silifungui. Juzi aliniuliza, “Mama Nduta, kwani tumekukosea nini?” Niliona haya, nakuambia ukweli.

Lakini nawe umenitia wasiwasi. Hukuuliza ubao unaangalia upande gani. Hukuuliza hata Khalif atajenga ghorofa ngapi. Wewe tangu utotoni huulizi kitu unachokijua. Na mmoja wa wale wapimaji, Okoth, alipita jana akaniita mama wa mwenye mradi. Nilidhani amenichanganya na mtu. Nijibu upesi.

Mama

Kitengela,
15 Mei 2004

Nduta,

Uko mzima? Wiki sita sasa, hujajibu.

Nilimwita Ardo ndani, nikamwomba msamaha, nikamwomba anisomee. Anayeomba kujenga ghorofa nne ni wewe. Nyumba inayobomolewa ni hii ninayokuandikia ndani yake.

Majirani walipewa siku thelathini za kupinga. Khalif alisoma ubao siku ile ile uliposimikwa. Alikuja langoni mara mbili kuniuliza kama nimekubali, kwa sababu mwenyewe hakutaka ghorofa hapo, lakini hakutaka kumpinga mama wa watu akijenga kwake. Mara zote mbili nilijifanya siko. Siku zikaisha nikiwa nimejifungia, nikimlinda mwizi.

Nimelia, siwezi kukuficha. Okoth ameniambia nihame kabla ya Juni, na Khalif amenipa chumba kwake, upande wa pili wa ua. Nimekubali.

Mwambie Okoth wako aache nafasi mbele ya dirisha la chumba hicho. Hilo jua unalolikata sasa ni la hawa watu.

Mama yako