Dada, Ni Mimi Niliwaonyesha Mahali Ulikuwa Umekaa

Dada yangu,

Ulikuwa umevua kiatu moja tu wakati soja, askari wa hiyo park ya watoto, alifika. Unamkumbuka, ule Wafula mrefu wa filimbi. Hata hakusalimia. Alisimama mbele ya hiyo benchi akakuangalia kuanzia miguu mpaka nywele. Mimi nilikuwa kazini kule kwa bembea za kuzunguka, nafunga watoto mikanda, nawaona na nawasikia.

"Mathe, hii benchi ni ya wenye wamenunua chakula."

"Niko mgonjwa, kaka. Nipe dakika tano tu."

"Mgonjwa? Kwa sura wewe hukai mgonjwa. Unakaa mtu wa kuenda harusi."

"Sikai mgonjwa juu ya vile huniachi nikae chini."

Wamama wawili kwa benchi ya pili walicheka. Wafula hakucheka. Ulivaa kiatu, ukainuka, ukashika mtoto wako Blessing mkono mkaenda, na vile ulikuwa unakanyaga nilijua goti ya kushoto ishaanza kuuma. Mimi sijui kuongea na watu, lakini miguu yako naisoma. Tangu nikiwa mdogo ni mimi nilikuwa naikanda na kitambaa ya maji moto, wewe umeuma shuka ndio majirani wasisikie. Sikoseli, huo ugonjwa wako wa damu, haionekani kwa uso. Mtu anaona dada mrembo amesimama vizuri, anasema huyo ni uvivu.

Na wewe ulikuwa mjanja wa kupumzika kuliko mtu yeyote. Kutoka stage ya matatu ya Kawangware mpaka kwa nyumba ulikuwa unasimama kwa kila duka unauliza bei. Sufuria, ndala, mafuta ya nywele. Hukununua hata siku moja. Mpaka wenye maduka wakakupea jina, Mama Bei. "Mama Bei amefika, mpeeni stuli aulize vizuri!" Ulikuwa unakaa kwa hiyo stuli unacheka nao, halafu ukiinuka unaniambia kwa sikio, "Wacha wacheke, stuli nimepata." Huko mjini nayo ulikuwa unaingia benki, unatoa namba kwa mashine kama mtu ako na shughuli kubwa, unakaa kwa kiti laini mpaka namba yako iitwe. Ikiitwa, unatoka nje. Nilikuwa naona aibu sana. Nilikuwa nakuchukia kidogo pia, wacha niseme ukweli. Vijana wengine walikuwa wanatembea na dada zao. Mimi nilikuwa nangojea yangu nje ya benki.

Lakini hiyo siku ya park nilitaka iende poa. Blessing alikuwa amefika miaka saba na hakuwa ameenda mahali na wewe siku nzima. Ulimwahidi mbele yangu kwamba mtakaa mpaka saa kumi, ile saa treni ndogo inabeba watoto na mama zao na wanapigwa picha. Blessing alikuuliza, "Hautachoka?" Ukasema hautachoka. Hiyo ndiyo kitu ulikuwa unataka, hakuna ingine. Kufika saa kumi ukiwa umesimama, upande treni na mtoto wako.

Ndio nikakutafutia mahali. Wiki tatu nzima, saa ya lunch, badala ya kula nilikuwa nazunguka naangalia. Benchi za chakula, Wafula. Ukingo ya maua wameweka vyuma zimechongoka, hapo hata ndege haikai. Kwa farasi za kuzunguka kuna gari moja ndogo ya kukaa, lakini inazunguka dakika nne tu na inakutapisha. Mwishowe nikapata nyuma ya jenereta. Hakuna mtu hupita huko. Ukuta inapata moto, na wewe baridi ndiyo adui yako. Nikapanga makreti mawili ya soda, nikaweka katoni na sweta yangu juu, na chupa ya maji.

Ulipokaa hapo mara ya kwanza uliegemea mgongo kwa ukuta ukafunga macho. Ukasema, "Aki wewe, hapa ni kama jikoni kwa mama." Sijawahi kufurahi hivyo.

Mpango ilikuwa inaenda vizuri. Unacheza mchezo moja na Blessing, unakuja nyuma unapumzika, mimi namweka kwa bembea yangu akingoja, unarudi. Saa saba ilipita. Saa nane ikafika, ukiwa nyuma huko, Blessing ako kando yangu anakula popcorn. Halafu Madam Caro akaja.

Supavaiza wetu hakuwa amewahi kuniongelesha. Miezi nane nafanya hapo, alikuwa ananionyesha tu na kidole. Hiyo siku akasimama, akamshika Blessing shavu.

"Huyu msichana msupa ni wa nani?"

"Wa dada yangu, madam."

"Ai, kumbe uko na dada! Na anakaa wapi?"

Dada, alikuwa anauliza mtaa. Mtu yeyote angesema Kawangware. Angesema tu Kawangware na hiyo maneno iishe. Lakini mimi siku nzima kichwa yangu ilikuwa na neno moja, kukaa, dada atakaa wapi, dada amekaa wapi, na huyo ni boss amenisimamia. Nikaona ni kama ameshajua. Nikasema, "Huko nyuma ya jenereta, madam. Ni ya leo tu. Makreti nitarudisha."

Alicheka kwanza, alifikiria ni mzaha. Halafu akaacha kucheka. Akachukua redio yake akamwita Wafula.

Uliletwa mbele umeshikwa kwa mkono kama mwizi wa simu, Wafula akitangazia watu, "Huyu amekuja kulala hapa! Amelipa tikiti ya kulala!" Uliniangalia mara moja. Mimi nikaangalia mikanda. Nilikuwa na mtoto wa kufunga, nikamfunga pole pole sana ndio nisiinue kichwa.

Baada ya hapo hukupata mahali tena. Kila ukiegemea kitu, filimbi. Saa kumi kasoro ulikuwa kwa laini ya treni, umebakisha watu sita, na ukaanguka. Hukupiga nduru hata, uliketi tu chini kama mtu amekatwa kamba. Kuna mama alivuta mtoto wake akasema umelewa. Kuna kijana alitoa simu akaanza kurekodi. Tulikubeba na mkokoteni ya kubeba soda, miguu ikining'inia, na Blessing alikuwa anakimbia nyuma yetu analia. Nikafikiria analia juu yako. Kufika kwa geti akanivuta shati. "Uncle, sasa nani atapanda treni na mimi?"

Ulisikia. Najua ulisikia juu ulifunga macho.

Kule hospitali Upper Hill uliniuliza mara moja tu, mrija ikiwa kwa mkono. "Nani aliwaonyesha?" Nikasema sijui. Ukasema, "Ni wewe tu ulikuwa unajua." Ukageukia ukuta. Walipokuruhusu ukachukua Blessing mkaenda Vihiga kwa mama, na sasa nikipiga simu ni mama hushika. Anasema umelala. Saa tano ya asubuhi, umelala.

Basi ndiyo hiyo. Ni mimi nilisema. Sikukuuza, lakini nilisema, na kwako hiyo ni kitu moja.

Na kuna ingine hujui. Baada ya wiki mbili Madam Caro aliniita ofisini. Akaniambia, "Wewe ndio unajua mahali yote watu hujificha hapa. Bembea tutapea mtu mwingine." Akanipea jaketi ya kung'aa na filimbi kama ya Wafula. Sikuambia yeye ngoja nifikirie. Nilivaa hapo hapo. Na hii kazi naijua, dada. Mtu ako na afya akitafuta mahali pa kukaa, anatafuta kivuli. Mgonjwa anatafuta ukuta. Namwona akiwa bado mbali, kabla hata yeye ajue ataenda wapi, na nafika mbele yake. Juzi nilitoa mzee ako na bandeji kwa mkono. Aliniambia "asante kijana" juu nilimshika akiinuka.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu usikie kwangu, usisikie kwa watu.

Wacha niende. Kuna mama amekaa chini kando ya choo, ameegemea, viatu za mtoto ziko kwa mapaja yake, na Madam Caro ashamwona kwa dirisha. Nisipoenda mimi atatuma Wafula, na Wafula hupigia watu kelele. Mimi angalau huongea polepole.

Ni mimi,
mdogo wako.