Mtunza Stoo, Aanze Jumatatu

Jumatano, 5 Machi

Bosi anataka tovuti ya kutafuta kazi ambayo hata asiyejua kubofya ataiweza. Sawa. Nimefuta maswali lukuki, nimebakiza matatu: jina, simu, kazi unayoitaka. Kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Bosi kachungulia, kaguna, kaondoka. Kwake hiyo ni sifa.

Matangazo yote bado ni ya kubuni, ya kujazia ukurasa tu. Mtunza stoo, dereva, mpishi. Bwana Kesho — mtaalamu wetu wa kompyuta, Mungu atuhurumie — kaweka anwani ya ofisi yetu kwenye kila tangazo. Uvivu! Nimemwambia azime zile meseji zinazojituma zenyewe kwa waombaji. Kasema, kama kawaida yake, kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemjaribisha baba mdogo, ninayeishi kwake, sebuleni, kwa simu yake mwenyewe. Alitunza stoo ya kiwanda mpaka kikafungwa. Sasa analinda geti la duka la mbao na kutukanwa na mwenye duka. Nilimweleza wazi: kazi hizi hazipo, nataka tu kuona unakwama wapi. Hakukwama popote. Kavaa miwani, kachagua mtunza stoo, kabofya. Mama mdogo akamtania, eti mzee karudi ujana. Nilivimba kichwa, nikiri tu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Meseji imemfikia. Hongera, umechaguliwa, ripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Maneno ni yangu — nilitaka yawe ya kirafiki! Na chini yake anwani yetu.

Baba mdogo kanishika mikono yote miwili. Kumbe ulikuwa unanifanyia mpango kimyakimya, mwanangu! Hapana, baba, yale yalikuwa majaribio, mashine imekosea. Akanikonyeza. Anaelewa, eti mambo ya kubebana hayatangazwi. Nikarudia. Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Mama mdogo jikoni analia kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi

Ameacha geti. Alikwenda asubuhi kumwambia mwenye duka atafute mtu mwingine, na akamwongezea yote aliyokuwa ameyameza. Huko harudi tena.

Nimempigia Bosi, nikamwomba kazi yoyote ile, hata ya kufagia. Kacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Kwa hiyo tovuti inafanya kazi! Nafasi hakuna. Ila angependa picha ya mzee kwa ukurasa wa mbele.

Baba mdogo anapiga pasi shati huku anaimba. Sijawahi kumwogopa hivi, hata nilipokuwa mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Nilitoroka nyumbani kabla hajaamka. Woga mtupu. Sasa yuko mapokezini, namwona kupitia kioo. Bosi anatafuta kamera. Mimi naandika hapa mezani ili nionekane nina kazi. Niende nimwambieje? Ukweli nilishamwambia, mara mbili, na haukufua dafu.

Amesimama. Kavua koti, kalikunja, kaliweka kitini. Yale maboksi ya karatasi yaliyorundikwa pale tangu mwaka jana — anayapanga ukutani, makubwa chini, madogo juu. Anahesabu kwa kidole.

Dada wa mapokezi kanitumia meseji. Huyu mzee ni wa kwako? Nimwambie aache?