Mchungaji Niliyemsemea

Baba, shikamoo.

Mwili wangu ni mzima. Nawe natumaini kifua kimekuachia, maana baridi ya huko Makete haina adabu. Huku Ujiji ni joto, samaki wa migebuka wamejaa sokoni, na mawese yamenivimbisha mashavu. Kwenye simu ulisema nakukwepa kila ukiniuliza kama bado nasali. Kweli nakukwepa. Leo nimeanza kukujibu mara nne, na karatasi tatu nimezichana.

Kazi yangu ni ileile, kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Picha inakwenda, mimi na maiki nawasemea Wazungu kwa Kiswahili. Kazi hii haina kunyamaza. Ukikaa kimya kidogo tu watu wanapiga miluzi.

Jumamosi alasiri tuliweka filamu ya mchungaji aliyefiwa na mtoto. Watu walingoja ngumi, wakazikosa. Mwishoni mchungaji anapanda mimbarani, anawatazama waumini wake, hafumbui mdomo, basi, imekwisha. Niliingiwa na hofu, Baba. Nikamwekea sala, ile yako ya siku tuliyomzika Mama, neno kwa neno. Kibanda kizima kikaitikia amina, Waislamu na Wakristo, nami nikajiona bingwa.

Watu walipotoka, Mama Bahati alibaki kwenye benchi. Ni muuza samaki, tunakwenda naye kanisa moja, na mumewe alizama ziwani mwaka juzi. Akaniambia yule mchungaji hakusema kitu, yeye alimwangalia mdomo. Nikakiri kwamba nilimsaidia kidogo.

"Mimi tangu mume wangu azame sijaweza kusali," akasema. "Leo nikajua nimepata mwenzangu. Wewe ukaninyang'anya."

Tangu siku hiyo situlii, natembea mwaloni kwenye mitumbwi, napanda hadi Mwandiga, narudi, kama kuku anayetaka kutaga.

Basi jibu lako ni hili: sisali. Tangu Mama atutoke, nikifumba macho hakuna neno linalokuja. Kanisani naenda, kwaya naimba besi, na kwenye barua nakuandikia kwamba tunamshukuru Mungu, kwa mazoea tu. Inaniuma, na naona haya kukuambia wewe uliye mwinjilisti.

Ila nami nina swali. Pale kaburini ulisali bila kukwama hata mara moja, nami nilikuwa nimesimama karibu nawe kabisa. Uliyaamini yale maneno, Baba, au nawe uliuogopa ukimya? Usinitumie mistari, naijua. Niambie tu.

Nisalimie shangazi anayekupikia, kaka fundi seremala na mkewe, na mdogo wetu aliye shuleni. Barua zangu za nyuma najua uliwasomea wazee wa kanisa. Hii isome peke yako.

Ni mimi mwanao,
Festo