Aliyerudi Kutoka Burma

Olmotonyi, Agosti 1946

Mdogo wangu Marta,

Sisi ni wazima, na kahawa imeiva vizuri.

Sumari amerudi kutoka vitani Burma. Nimemngoja miaka sita, nikakataa wachumba watatu, maana tuliambiwa mapenzi hayazeeki. Jumanne tulikutana njiani, nami nimejitwika mkungu wa ndizi. Akavua kofia.

“Shikamoo, mama. Hanna wa mzee Yoeli bado anakaa huku?”

Nilitaka kumwambia ni mimi, lakini kinywa kilitoa jingine: “Marahaba, mwanangu. Aliolewa zamani.”

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanishukuru, akaenda zake akipiga mluzi.

Baba anauliza kila siku Sumari ataleta posa lini. Nimjibu nini?

Dada yako,
Hanna