Wino wa Kijani Kutoka Mbeya

Iringa, Jumatatu, 10 Februari 1975

Bahasha imekuja tena na basi la asubuhi. Kondakta kaitupa kaunta, imelowa pembeni. Mvua.

Kazi ni ileile. Kamusi elezo ya Kiswahili, kitabu kikubwa cha kueleza kila kitu, wanakitengeneza huko Dar. Kidahizo cha "Tanzania", yaani maelezo ya neno hilo, wamekigawa kwa mikoa. Sisi Iringa na wenzetu wa Mbeya tumepewa sehemu ya Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu Mgaya anaandika huku kwa wino wa bluu, Mwalimu Atupele, mwanamke ambaye sijamwona, anasahihisha kule kwa wino wa kijani, karatasi zinarudi, Mgaya anasahihisha masahihisho. Mimi napiga taipu upya. Kisha wanaanza tena.

Mgaya ni mchumba wangu. Kasema hiki kidahizo kikiisha tu, wazee wake wanaleta posa kwetu. Kwa hiyo nataka kiishe.

Alhamisi, 13 Februari

Ukurasa wa nne. Mgaya aliandika kwamba Usangu ni bonde la mpunga. Wino wa kijani umeongeza wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao, ukauliza: "Hawa umewasahau, au hujafika Igawa?" Mgaya akajibu pembeni: "Umenishika, Mwalimu. Nakubali."

Umenishika! Miaka miwili namjua huyu mtu. Hajawahi kuniambia nimemshika kwa lolote.

Jumamosi hii anakwenda Mbeya. Eti kusawazisha sehemu ya milima. Milima haiwezi kusawazishwa kwa barua? Siku nzima barabarani kwa ajili ya milima. Roho inaniuma, sifichi.

Jumatatu, 17 Februari

Karudi. Kachangamka kama kaoga maji ya moto. Atupele kasema hivi, Atupele kacheka vile, Atupele ana redio yenye kaseti. Nikamwuliza milima ikoje. Akasema ipo.

Jumanne, 18 Februari

Leo nimefanya jambo.

Kuna sentensi moja wanagombania tangu Januari. Mgaya aliandika: "Wananchi walihamia vijijini kwa hiari na kwa furaha." Kijani kikafuta maneno matano ya mwisho. Bluu ikarudisha. Kijani kikafuta. Bluu ikarudisha na mstari chini. Leo kijani kimefuta mara ya tatu, na pembeni kaandika, "Mgaya wangu, acha ubishi."

Mgaya wangu.

Nilisonya hadi mhudumu akachungulia mlangoni. Kisha nikapiga sentensi nzima, na hiari yake na furaha yake, safi, kama vile haikuwahi kufutwa. Atupele naye ashindwe, kwa mara moja tu.

Mama yangu anakaa kijiji kipya ng'ambo ya Kalenga. Mwaka jana lori lilikuja maharage yakiwa bado shambani. Akapakiwa na kitanda na kuku. Nilipokwenda kumwona alikuwa chini ya turubai, anapika kwa kuni mbichi, macho mekundu. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu nani sasa atapalilia kaburi la baba.

Yote hayo nayajua, na bado nimeipiga.

Ijumaa, 21 Februari

Mgaya kaja ofisini na karanga za kukaanga. Furaha tele. Kaiona sentensi yake imesimama. "Umeona? Kakubali! Atupele kanikubalia!"

Nikatafuna karanga. Hata ushindi niliompa mimi, anamshukuru yule.

Jumatano, 26 Februari

Atupele kafika. Mkutano wa mwisho wa kukipitisha kidahizo ni Ijumaa na yeye kaletwa na basi lilelile linaloleta bahasha zake.

Nilimwombea awe mzee. Si mzee. Mrefu, mweusi wa kung'aa, viatu vya raizoni vya soli nene, sauti ya kusikika hadi stoo. Kaingia akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" vizuri kabisa, kama kazaliwa hapa. Mnyakyusa huyo. Nani kamfundisha? Najua nani kamfundisha.

Kaniita dada. Kanisifu taipu yangu, eti haijawahi kumsumbua macho. Angekuwa mbaya ningepumzika. Si mbaya.

Mchana kaifikia ile sentensi. Mgaya katoka kwenda kununua chai, ndipo akaniuliza taratibu kwetu ni wapi. Nikamwambia, Kalenga, mbele kidogo.

"Na huko kwenu, dada, watu walihama wakifurahi?"

Nikamtazama usoni. Nikasema ndiyo.

Kisha akasema kwake Rungwe hakuona furaha, lakini kama mwenyeji wa huku anasema ndiyo, yeye hawezi kumbishia mwenye kwao. Akafunga kalamu yake. Kaiacha.

Ala! Aliyembishia Mgaya mwezi mzima kaniamini mimi kwa neno moja.

Alhamisi, 27 Februari

Nakata stensili, karatasi za nta za kurudufia. Hizi ndizo zinakwenda Dar.

Ukurasa wa kwanza una majina yao. F. Mgaya, na chini yake A. Mwakibete, Atupele huyo. Nimeyapiga mwenyewe kwa vidole vyangu, moja chini ya jingine, kama matangazo ya ndoa kanisani.

Nilipofika kwenye sentensi nikasimama. Kitabu kitakaa shuleni. Mtoto wa mtu atasoma kwamba mama yangu alifurahi. Mwalimu atamwambia anakili. Na mwenye kosa si Mgaya, yeye aliandika bila kujua. Ni mimi, kwa sababu ya "Mgaya wangu".

Nikapiga hivi: "Watu wengi walihamishiwa vijijini, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi yao."

Sijawahi kuandika sentensi yangu kwenye karatasi ya mtu. Nikaisoma mara mbili. Nikaendelea na mazao ya biashara.

Ijumaa, 28 Februari

Mkutano. Mzee Kyando, mwenyekiti, kasoma yote kwa sauti. Alipofika pale akapunguza mwendo. Mgaya kacheka, kapiga meza: "Atupele tena! Huyu mwanamke hachoki!" Na kile kicheko. Nakijua. Alinichekea hivyo mwezi wetu wa kwanza tu.

Atupele hakucheka. Kaangalia karatasi, kisha kaniangalia mimi. Angeweza kuichukua iwe yake. Kaniachia.

Nikasema ni mimi.

"Wewe?" Mgaya kauliza, kama vile taipu ndiyo imesema.

Nikawaeleza lori, turubai, kaburi. Nikasema pia kwamba juzi nilimdanganya Mwalimu Atupele. Sauti ilinitoka ndogo lakini ilitoka. Mzee Kyando kavua miwani, kaifuta, karudisha. Akasema iende hivyohivyo, Dar wakitaka kuikata wataikata wao, sisi tumeshasema.

Atupele alinishika bega akipita. Nikatamani aondoe mkono, nikatamani asiuondoe.

Jumapili, 2 Machi

Nimefua.

Atupele kaondoka jana asubuhi. Mgaya kamsindikiza hadi stendi, kambebea sanduku. Niliwaona toka dirishani. Wivu bado upo, palepale. Hata yeye kuwa mtu mzuri hakujaupunguza.

Mchana Mgaya kaja. Kakaa ukingoni mwa kiti. Akauliza kwa nini sikumwambia habari za mama. Nikamwambia hukuniuliza. Uliandika habari za kwetu, nikazipiga mbele yako, hukuniuliza hata siku moja. Maswali yote yalikwenda Mbeya.

Kainamisha kichwa. Akasema wazee wake wako tayari, baada ya Pasaka. Nikamwambia kwanza aende akamsalimie mama, akae naye chini ya hilo turubai, amsikilize mwenyewe. Si mbali. Anaenda asubuhi anarudi jioni.

Kafikiri. Akasema ataangalia nafasi.

Mbeya hakuangalia nafasi. Mbeya alikwenda.

Nikamwambia wazee wasije. Sikupiga kelele. Kamaliza chai yake, kaaga, nikamfungulia mlango. Nguo zilikuwa bado mbichi. Nikazigeuza.